Santuri Zilizoanikwa Pamoja na Kakao

Katumba Songwe, Kyela
12 Mei 2024

Kaka yangu Aliko,

Ugonile. Sisi huku tumeamka salama. Watoto hawajambo, mama hajambo isipokuwa magoti, nami sijambo isipokuwa uchovu. Mwezi uliopita mto ulitutembelea bila kubisha hodi. Maji yaliingia ndani hadi usawa wa kitanda, yakalala, yakaondoka, yakatuachia matope na kambare mmoja chini ya kabati. Tulimla. Mpunga wa bondeni umekwenda, kakao imesimama.

Nimekuandikia barua kwa sababu kila nikikupigia unasema upo kwenye kelele. Barua haina kelele, na huwezi kuniambia mtandao umekata. Basi linaloleta karatasi hii linaleta pia mchele na usipa wa ziwani. Vipokee vyote vitatu.

Sasa neno lenyewe. Kanisa letu jipya litawekwa wakfu mwezi wa Desemba. Wazee wa usharika wameamua kwamba siku hiyo usikike ule wimbo ambao kwaya yetu ilikwenda kuurekodi Nairobi mwaka 1974, baba akiwa mwalimu wao. Gwamaka, yule mjukuu wa mama Veronika anayepiga kinanda, alisema asisumbuke mtu, yeye anao kwenye simu. Akaufungulia kikaoni. Ni uleule uliotoka kwenye kaseti ya baba, na unajua kaseti iliisha kabla ya ubeti wa mwisho. Ulipokatika, mzee mmoja akafumba macho akasema, "Hapo ndipo anapoingia mama Veronika peke yake, sauti kama filimbi." Kikao kizima kikaitikia. Mama alikuwa benchi la nyuma na mwavuli wake. Aliondoka kabla ya sala ya kufunga.

Unajua mama amesema nini miaka yote: sauti ile ni yake. Baba alikuwa akijibu tu kwamba sauti ni ya kwaya, na wenzao wa Nairobi wengi wamekufa. Unajua pia kwamba mashine ya baba ilikufa tukiwa wadogo, na tangu hapo santuri ile haijapigwa. Mimi ubeti huo sijausikia maishani. Wewe pia hujausikia.

Nakuomba unitafutie mashine ya kupigia santuri, ya kuazima au ya kununua. Kuhusu santuri zenyewe usiwe na wasiwasi. Maji yalizifikia, lakini zimeoshwa na zimekaushwa.

Je, utakuja? Hujakanyaga hapa tangu matanga ya baba.

Ni mimi mdogo wako,
Kisa


Dar es Salaam
16 Juni 2024

Mdogo wangu Kisa,

Ndaga fijo, asante sana kwa mchele. Ulipochemka, jirani wa juu alishuka kuuliza kama kuna msiba au sherehe, maana harufu ilikuwa ya watu wengi. Usipa nimewaficha. Shemeji yako hajambo, mtoto amefaulu mtihani wa katikati ya muhula, mimi naendelea na spika zangu za kukodisha. Jumamosi hii nina harusi mbili na kipaimara kimoja.

Pole kwa mafuriko. Poleni sana.

Kuhusu santuri, dada yangu, nicheke au nilie? Mimi ndiye fundi wa muziki katika ukoo huu, nisikilize. Santuri ni mzigo. Zinavunjika, zinakwaruzika, zinataka sindano, na sindano haiuzwi hata Mbeya. Nakutumia flashi humu ndani ya bahasha. Ina nyimbo ambazo ukianza kuzisikiliza leo hutazimaliza kabla ya kustaafu, na inaingia kwenye mfuko wa shati. Wimbo ni wimbo. Wali ukiwa kwenye sahani ya bati au ya udongo, wali ni uleule. Ubeti mmoja ukikosekana, Gwamaka atabonyeza kinanda hapo na hakuna atakayejua.

Msalimie mama. Kama anapokea salamu.

Aliko


Katumba Songwe
30 Juni 2024

Kaka Aliko,

Tumepokea bahasha. Huku wazima. Mtoto wa mwisho wa mjomba ameoa kule Njisi, mvua zimekata, nyumba imekauka ila ukuta wa mashariki bado unanuka mto. Flashi nimempa Gwamaka. Amefurahi kama aliyepewa ng'ombe.

Umesema wali ni uleule. Kaka, mimi nimeishia kidato cha nne tu, lakini najua kwamba ukimpa mtu sahani ya wali isiyo na wali upande mmoja, atakuuliza umekwenda wapi. Umesema hakuna atakayejua. Mama atajua.

Nitakukumbusha jambo kisha nitaliacha. Kwenye matanga ulifungulia simu yako watu wamsikie baba akiongoza kwaya. Lilikuwa wazo zuri. Wimbo ulipokatika, mama alisema, "Sasa hapa ndipo ninapoingia mimi." Nawe, mbele ya waombolezaji, ukasema, "Mama, si inasemekana ni mama Veronika?" Ulicheka kidogo. Najua hukukusudia ubaya. Mama alijifunga khanga upya, akaingia ndani, na hakutoka hadi magari ya wageni yalipoondoka. Wewe uliondoka nayo.

Sasa nina swali la kifundi, naomba unijibu bila mzaha. Kitu cha plastiki ngumu kikipinda kwa joto, hunyooshwa vipi? Nauliza kwa niaba ya jirani.

Na lile swali langu jingine hukulijibu.

Kisa


Dar es Salaam
25 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Najua nimechelewa. Barua yako niliisoma mara moja, nikaiweka kwenye droo, kisha kila nilipofungua droo kutafuta waya nikaisoma tena. Tuzungumze juu ya harusi.

Mwezi wa saba nilikodishwa kwa harusi moja Upanga. Nimefika na spika zangu na kompyuta yangu, bwana harusi akanijia amevaa miwani ya duara: "Kaka, kompyuta ifunge. Leo ni santuri."

"Za kuning'iniza ukutani?"

"Za kupiga."

Nikasema moyoni, hawa watalia leo. Akaja binti mmoja anaitwa Samira, mwembamba, amebeba mashine mbili na kreti la santuri kama mwenye kuuza soda. Nikamwambia, "Mwanangu, hizi zilikufa hujazaliwa." Akanijibu bila hata kuinua kichwa, "Zilikufa kwako, mjomba."

Kisa, aliweka sindano chini. Kwanza ule mchakacho, kama mafuta yanayopata moto. Halafu gitaa la besi likatoka kwenye spika zangu mwenyewe, spika ninazozijua kuliko ninavyozijua nguo zangu, na sikuwahi kuzisikia zikisema vile. Watu waliokuwa wakipiga picha chakula wakaacha. Hakuna aliyepiga kelele "ruka huo, weka ule." Nilimuuliza Samira kwa nini. Akasema, "Kwenye simu, wimbo usipokupendeza unauruka kwa kidole. Huu ukitaka kuuruka lazima uinuke kitini. Watu ni wavivu kuinuka, basi wanasikiliza."

Jumamosi iliyofuata nikaenda dukani kwake Kariakoo. Kuna foleni! Vijana wenye simu za bei ya pikipiki, wana muziki wa dunia nzima mfukoni, wanapanga foleni kushika kitu kimoja kwa mikono miwili. Mmoja alikuwa ananusa jalada. Samira anasema zinachapwa mpya tena huko nje, yeye anaagiza, na zikifika hazilali. Nimekwenda kila Jumamosi tangu hapo. Usimwambie mtu.

Nilimuuliza pia swali la jirani yako. Alicheka hadi akashika meza: "Jirani huyo aliianika santuri juani!" Kisa. Jirani ni nani? Na iliyopinda ni ile ya kwaya?

Kama ni ile, usiguse pasi, usiguse maji ya moto, usiirudishe juani. Samira anasema: weka kati ya vioo viwili vinene visafi, juu uzito uliolala sawasawa, halafu joto la polepole, la siku kadhaa, lisilopanda na kushuka. Joto ambalo mkono unalivumilia lakini hautamani kubaki. Halafu ipoe yenyewe, humo humo. Yeye ana kisanduku cha umeme cha kazi hiyo. Nilitaka kukwambia uitume, akasema basi litaivunja. Sijui huko Katumba mtapata wapi joto la namna hiyo.

Aliko


Katumba Songwe
29 Septemba 2024

Kaka Aliko,

Ugonile. Sisi wazima. Mama anatembea bila fimbo kuanzia wiki iliyopita, utaelewa sababu mbele.

Jirani ni mama.

Sikutaka kukuandikia mapema. Jua lilipotoka baada ya mafuriko, kila nyumba ilitoa vitu nje. Mimi nilikuwa nimekwenda Mbugani kutafuta dawa ya maji. Mama alizitoa santuri za baba kwenye majalada yaliyolowa, akazifuta moja moja kwa khanga yake mpya, akazitandaza kwenye kichanja katikati ya kakao. Kisha akakaa pembeni siku nzima akizigeuza kama tunavyogeuza kakao, upande huu, upande ule, zisiungue. Niliporudi zilikuwa zimejikunja kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni. Mama akaniambia kwa furaha, "Zimekauka vizuri." Ilibidi nimweleze. Aliishika ile ya kwaya, akaitazama muda mrefu, akasema, "Basi nimejinyamazisha mwenyewe."

Ndiyo maana sikukwambia. Nilidhani utacheka.

Barua yako ilipofika nilimsomea sehemu ya joto. Nilipofika kwenye maneno "mkono unalivumilia lakini hautamani kubaki," mama akanikatiza. "Hilo ni sanduku la kakao," alisema.

Kaka, umekaa mjini hadi umesahau. Kakao mbichi ukiijaza kwenye sanduku la mbao na kuifunika majani ya mgomba, inajipika yenyewe. Baba alikuwa akiweka mkono humo na kuuondoa upesi. Hakuna umeme wala moto, na joto halipandi wala kushuka. Nimelijua joto hilo tangu utotoni bila kujua kwamba lina kazi nyingine.

Nilikwenda kwa Khamisi, mwenye duka la vioo Mbugani. Akaniuliza, "Dada Kisa, picha gani hiyo nene hivyo?" Nikamwambia ni pasi ya santuri. Akasema babu yake alitoka pwani na gramafoni kichwani, na angefufuka leo kunicheka. Lakini alivilainisha vioo pembe zote, akaniambia nikifanikiwa nimwite.

Nilianza na santuri ya dansi iliyo na mkwaruzo, si ile ya kwaya. Nilikosea. Niliizamisha katikati ya kakao, na siku ya kugeuza sepetu ilipiga kioo, kikapasuka. Mara ya pili nikaweka vioo juu ya kakao, chini ya majani na magunia, na jiwe la kusagia juu yake. Lakini msimu huu kakao yangu ni chache. Sanduku lilikuwa nusu, joto halikupanda. Santuri ilitoka kama ilivyoingia, ila ikinuka siki.

Nikapita kwa majirani kuomba tuchanganye kakao, sanduku lijae, kisha tugawane kwa ndoo. Watu walikataa kwa adabu. Kesho yake alikuja mama Veronika, na wajukuu wake wamebeba ndoo.

"Nasikia mnapika santuri."

"Ndiyo, mama."

"Ile ya Nairobi?"

"Ndiyo."

Mama yetu alikuwa mlangoni, hawakusalimiana. Kisha mama Veronika akamwaga ndoo ya kwanza mwenyewe. "Jazeni," alisema. "Nusu sanduku halipiki." Akaondoka. Nimelitafakari jambo hilo na sijalielewa.

Sanduku lilijaa, likachemka. Ile ya dansi ilinyooka. Ndipo nikaiweka ya kwaya. Nilipoitoa ikiwa imeshapoa niliilaza juu ya kioo mezani, nikajaribu kupitisha punje ya mchele chini ya ukingo. Haikupita popote, isipokuwa sehemu moja ndogo. Mama alizunguka meza na punje yake mkononi, akajaribu kila mahali. Alisahau fimbo chumbani. Hajairudia.

Sasa imebaki mashine. Na swali langu.

Kisa


Dar es Salaam
1 Desemba 2024

Mdogo wangu Kisa,

Sikucheka. Nilimsomea Samira ile sehemu ya sanduku la kakao, akaomba niisome tena wateja wasikie. Sasa duka zima la Kariakoo linajua Katumba Songwe iko wapi. Kijana mmoja ameuliza kama kakao inauzwa.

Ninayo mashine. Ninaituma kwa basi la Alhamisi, imefungwa godoro. Samira ameweka sindano mpya, nzito kidogo, ili isiruke pale penye sehemu ile ndogo. Nimeandika maelekezo kwenye karatasi ya njano. Mwambie Gwamaka aunganishe waya mwekundu kulia. Uijaribu kabla ya siku yenyewe, tafadhali, jaribu.

Mama anasema nini? Si kuhusu santuri.

Aliko


Katumba Songwe
16 Desemba 2024

Kaka Aliko,

Ugonile, na Kyala asifiwe. Wote wazima, hata kuku.

Kwenye kitabu changu cha kumbukumbu, ukurasa wa jana nimeandika sentensi moja tu: "Umesikika." Lakini wewe nitakueleza kwa utaratibu.

Mashine ilifika salama. Sikuijaribu. Mama alikataa. Alisema, "Kama mimi ni mwongo, nitajulikana mbele ya walewale walionisema." Nikamwambia huenda sindano ikaruka. Akasema, "Iruke mbele yao."

Jana kanisa lilijaa hadi watu wakasimama dirishani. Khamisi alifunga duka akaja, akakaa nje karibu na mlango, anasema amefuata vioo vyake. Gwamaka aliunganisha waya kama ulivyoandika, lakini simu aliiweka tayari kando, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama mdogo, ikikwama, nipe ishara tu." Wazee walitangaza wimbo. Mama alijifunga khanga, akatembea hadi mbele, akaniambia nikae. Akaishusha sindano yeye mwenyewe.

Mchakacho. Watu wakatazamana. Halafu kwaya ikaingia, Aliko, na baba alikuwemo. Kabla ya sauti ya kwanza unamsikia akivuta pumzi. Kwenye simu pumzi hiyo haimo. Mzee mmoja wa besi alisimama kama aliyeitwa jina. Santuri ilikuwa inapanda na kushuka kidogo pale ilipobaki na kasoro, na sindano ikapita juu yake kama bata anayevuka tuta la mpunga. Haikuruka.

Tukafika pale kaseti inapoishia. Nilimwona Gwamaka akishika simu. Wimbo ukaendelea. Kwaya ikanyamaza, ikaingia sauti ya msichana mmoja, juu, safi, haina haraka. Sitaweza kukuandikia sauti. Nitakwambia tu kwamba neno la "neema" alilivuta na kulishusha mwishoni namna ileile mama anavyolishusha akiwa anapepeta mchele, namna ambayo mimi na wewe tunaiga tukimtania. Hakuna mtu mwingine duniani anayelishusha hivyo. Mwanangu mdogo aliyekaa mapajani mwangu akasema kwa sauti, "Bibi!" Kanisa zima likasikia.

Ulipoisha hakuna aliyepiga makofi. Vichwa vyote viligeuka kwa mama Veronika. Naye akasimama, na tumbo lake na kitambaa chake cheupe.

"Mnanitazama nini? Lini mimi nilisema ni mimi? Nyie ndio mlisema. Kule Nairobi nilikuwa na mafua, sauti imekwenda. Mwalimu wetu Nsajigwa alinisimamisha nyuma nikafungua mdomo tu. Felista huyu hapo kwenye mashine ndiye aliyeimba."

Mama akageuka kutoka kwenye mashine. "Ulifungua mdomo vizuri sana, Veronika. Miaka hamsini hukuufungua kusema ukweli!"

"Ningesema nini? Nilikuwa nasifiwa!"

Kaka, kanisa lilipasuka. Wazee walicheka hadi wakashika mabenchi. Mama alicheka hadi mama Veronika akaja kumshika asianguke, na wakabaki hivyo, wamekumbatiana, wanatikisika. Ndipo vigelegele vikapigwa, na vikaendelea nje hadi barabarani. Nilielewa ndoo zile: alitaka santuri iseme alichoshindwa kusema yeye. Wimbo ulipigwa mara tatu. Mara ya tatu mama aliimba juu yake, sauti ya bibi juu ya sauti ya msichana, na kwaya ya vijana ikasimama nyuma. Khamisi anasema harufu ya kakao ilimfikia mlangoni.

Gwamaka aliurekodi kwenye simu, ubeti wote. Aliomba ruhusa autume. Mama akasema, "Utume kwa watu wote. Utume Mbeya, utume Malawi, utume popote. Isipokuwa kwa Aliko." Akaongeza, "Huyo amezoea kuniruka kwa kidole. Mwambieni aje akae kitini."

Uliuliza mama anasema nini. Ndivyo anavyosema.

Kisa


Dar es Salaam
20 Desemba 2024

Mdogo wangu Kisa, na mama,

Barua hii itawafikia kwa mkono wa dereva muda mfupi tu kabla yangu. Nimekata tiketi ya basi la Jumapili, mimi, shemeji yako na mtoto. Samira ametoa sindano ya akiba, hataki malipo. Anataka kakao ya kunusa.

Wimbo umenifikia. Gwamaka alitii, lakini ulimwengu hautii. Umetumwa kwenye kundi la ukoo, kundi la shule, kundi la wenye spika, hata mteja mmoja asiyejua Kyela iliko amenitumia akaniuliza kama ninamfahamu yule msichana anayeimba mwishoni.

Nimemjibu kwamba ninamfahamu.

Sijaufungua, mama. Uko hapa mfukoni, mara nne, na sijaugusa. Niwekee kiti.

Aliko